Wilt Chamberlain: Jabali la vikapu aliyevunja rekodi ya ushindi NBA mara mbili

WAPENZI wa mpira wa vikapu wanapobishana iwapo kuna timu inayoweza kuvunja rekodi ya ushindi katika msimu wa kawaida wa NBA, ligi kuu ya mchezo huo nchini Marekani, majina mawili hayakosi kutajwa: Michael Jordan na kikosi cha Chicago Bulls cha 1995-96, na Stephen Curry na kikosi cha Golden State Warriors cha 2015-16. Ni nadra mtu kuanza na Wilt Chamberlain. Lakini marehemu huyo, aliyeaga dunia Oktoba 12, 1999, ndiye aliyekuwa nguzo ya vikosi viwili vilivyoivunja rekodi hiyo katika muda wa miaka mitano, kimoja mashariki mwa Marekani na kingine magharibi.

La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliishi sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji akiitwa mshinde. Alisemwa kuwa mchoyo wa mpira, mpenda tarakimu, jitu lisiloweza kuibebesha timu yake kombe. Ni shutuma zilizomuuma, na kwa kiasi fulani ndizo zilizomgeuza akawa mchezaji wa aina nyingine kabisa.

Wilton Norman Chamberlain alizaliwa Agosti 21, 1936 jijini Philadelphia, katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono, akichomelea vyuma na kufanya vibarua vingine. Mama yake alifanya kazi za nyumbani katika nyumba za watu. Utotoni aliugua nimonia nusura imuue, akakosa masomo kwa takriban mwaka mzima. Alipopona alirefuka kwa kasi, na alipokuwa katika Shule ya Upili ya Overbrook tayari alikuwa akikaribia futi saba. Hatimaye alitimia futi saba na inchi moja, yaani sentimita 216.

Waandishi walimpachika jina lenye maana ya mironjo, ile miti ambayo wacheza ngoma huipanda ili waonekane warefu. Alilichukia. Alilichukia pia lile la Goliathi, na msomaji yeyote wa Biblia anajua ni kwa nini. Jina alilolipenda ni Dipper, alilopewa na marafiki wa utotoni kwa vile alilazimika kuinamisha kichwa kila alipopita mlangoni.

Vyuo vikuu vilimgombania, naye akachagua Kansas. Huko alikuta mikahawa iliyowabagua watu weusi, akawa anaingia na kuketi bila kuondoka hadi ahudumiwe. Umaarufu wake ukamfungulia milango ambayo wengine wa rangi yake walikuwa wamefungiwa. Mbali na vikapu alishiriki riadha, hasa kuruka juu na kutupa tufe. Mwaka wa 1957 aliifikisha Kansas katika fainali ya vyuo dhidi ya North Carolina, ambayo haikuwa imepoteza mechi hata moja msimu huo. Mechi iliingia muda wa ziada mara tatu kabla ya Kansas kulazwa kwa alama 54-53. Wilt alitajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, na bado akaondoka mikono mitupu. Mambo hayo mawili yangemwandama pamoja kwa miaka kumi iliyofuata.

Aliacha chuo mwaka wa 1958. Kwa kuwa sheria za NBA hazikuruhusu mchezaji kusajiliwa kabla ya wanafunzi wa darasa lake kuhitimu, alitumia mwaka mmoja na Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho iliyozunguka ulimwengu ikicheza kwa mizaha na ustadi, na mnamo 1959 akafika nayo Moscow. Mara kadhaa baadaye alisema kwamba huo ulikuwa wakati wa furaha kuliko mwingine wowote katika uchezaji wake. Si vigumu kuelewa. Kwa Globetrotters hakuna aliyemuuliza kwa nini hakushinda.

Aliingia NBA na timu ya nyumbani kwao, Philadelphia Warriors, katika msimu wa 1959-60. Mechi ya kwanza alifunga alama 43. Msimu ulipokwisha alikuwa na wastani wa alama 37.6 kwa mechi na kudaka ribaundi 27, yaani mipira iliyokosa kuingia kikapuni na kurudi uwanjani. Alitunukiwa tuzo ya chipukizi bora na ile ya mchezaji bora kwa pamoja. Mnamo Novemba 24, 1960 alidaka ribaundi 55 katika mechi moja dhidi ya Boston Celtics, rekodi ambayo hakuna aliyeikaribia katika mchezo wa kisasa.

Kisha ukaja msimu wa 1961-62, ambao takwimu zake husomeka kama makosa ya uchapishaji. Alifunga wastani wa alama 50.4 kwa mechi. Alicheza wastani wa dakika 48.5 ilhali mechi ina dakika 48. Ziada hiyo inatokana na mechi zilizoingia muda wa nyongeza. Kila mechi alikuwa akitupa mpira kikapuni karibu mara 40.

Usiku wa Machi 2, 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, unaojulikana kwa kiwanda chake cha chokoleti, aliwafunga New York Knicks alama 100 peke yake. Watazamaji waliohesabiwa langoni walikuwa 4,124 tu, na hakukuwa na kamera ya televisheni. Picha inayokumbukwa ni ile aliyopigwa baadaye katika chumba cha kubadilishia nguo, akiwa ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa tarakimu 100. Philadelphia ilishinda 169-147.

Usiku huo una upande wake usiosimuliwa sana. Kadiri dakika zilivyoyoyoma, Warriors walianza kuwachezea visivyo wapinzani makusudi ili saa isimame na mpira umrudie Wilt. Knicks nao wakawachezea visivyo wenzake makusudi ili mpira usimfikie. Ushindani wa timu mbili uligeuka kuwa uwindaji wa tarakimu moja.

Usiku huo huo aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32, jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyekuwa dhaifu mno katika mitupo hiyo. Siri yake ilikuwa kwamba msimu huo alikuwa akiitupa kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtu anayemwaga maji kwa ndoo. Mtindo huo ulimpa asilimia 61, kiwango chake bora zaidi katika maisha yake yote. Baadaye aliuacha kwa sababu alijiona kichekesho akiutumia, na alistaafu akiwa na wastani wa asilimia 51 tu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mitupo hiyo ilimgharimu zaidi ya kombe moja.

Kwa takwimu zote hizo, tuzo ya mchezaji bora wa 1962 ilimwendea mtu mwingine, Bill Russell wa Boston. Russell hakufunga hata nusu ya alama za Wilt. Kazi yake ilikuwa kuzuia, kudaka na kuanzisha mashambulizi, na Celtics walikuwa wameshinda mechi 60 msimu huo ilhali Warriors walikuwa na 49. Timu hizo zilipokutana katika mchujo, Boston ilishinda mechi ya saba na ya kuamua kwa alama 109-107.

Mwaka uliofuata Warriors walihamia San Francisco. Wilt alifunga wastani wa alama 44.8, akaongoza ligi nzima, na timu yake ikashinda mechi 31 na kupoteza 49. Ukitaka ushahidi kwamba alama za mtu mmoja hazitoshi kuiinua timu, usiende mbali na msimu huo wa 1962-63.

Hapa inafaa tueleze kwa ufupi rekodi yenyewe inavyopimwa. Msimu wa kawaida ni mechi za ligi zinazochezwa kabla ya mchujo wa kutafuta bingwa. Tangu 1967-68 kila timu hucheza 82, isipokuwa misimu michache iliyofupishwa; kabla ya hapo idadi ilikuwa chini kidogo. Mpira wa vikapu hauna sare. Anayefuatilia kandanda anaikumbuka Arsenal ya 2003-04 iliyomaliza Ligi Kuu ya Uingereza bila kushindwa. Hiyo ilishinda mechi 26 kati ya 38 na kutoka sare 12. Katika NBA hakuna pa kujificha. Timu husafiri kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine, mara nyingine ikicheza usiku mbili mfululizo katika miji tofauti, na timu hafifu ikikukuta umechoka hukuangusha. Ndiyo maana hata mabingwa wengi hupoteza mechi 20 au zaidi.

Miaka hiyo ya sitini rekodi ilikuwa mali ya Boston, ambayo ilishinda mechi 62 na kupoteza 18 msimu wa 1964-65. Ilikuwa mabingwa kila mwaka kuanzia 1959 hadi 1966, mara nane mfululizo.

Wilt alirudi Philadelphia Januari 1965, safari hii akiuzwa kwa timu mpya ya mji huo, 76ers. Miezi michache baadaye alikuwa tena katika mechi ya saba dhidi ya Boston, na tena akapoteza, 110-109. Msimu uliofuata 76ers waliongoza kundi lao la Mashariki lakini wakang'olewa na Celtics hao hao kwa mechi nne dhidi ya moja. Magazeti yakahitimisha kwamba tatizo ni Wilt.

Ndipo alipokuja kocha Alex Hannum. Alikuwa amemfundisha Wilt San Francisco, na alikuwa na sifa moja ya pekee: ndiye kocha wa mwisho aliyekuwa ameshinda ubingwa kabla ya Boston kuanza utawala wake, akiwa na St. Louis Hawks mwaka wa 1958. Hannum hakuwa mtu wa kutishika na majina makubwa. Alimwambia Wilt kwamba kikosi hicho kilikuwa na wafungaji wa kutosha: Hal Greer, Chet Walker na kijana Billy Cunningham wangeweza kufunga wenyewe, mradi mpira uwafikie. Lucious Jackson alikuwa na nguvu za kusaidia kudaka. Kilichohitajika kwa Wilt ni kufunga kidogo, kupasia sana na kulinda kikapu.

Ni rahisi kuliandika ombi hilo, lakini lizingatie kwa upande wa aliyeombwa. Huyu alikuwa ameongoza ligi kwa ufungaji misimu saba mfululizo, tangu alipoingia. Jina lake na mshahara wake vilijengwa juu ya alama. Isitoshe, alikuwa ameahidiwa mbingu na wenye timu mara nyingi, na kila aliposhindwa lawama zilikuwa zake. Bado alikubali.

Katika msimu huo wa 1966-67 mitupo yake ilipungua hadi 14 kwa mechi, lakini ikaingia kwa asilimia 68, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana katika ligi. Kipindi kimoja cha Februari 1967 alitupa mara 35 mfululizo bila kukosa. Alifunga wastani wa alama 24.1, akadaka ribaundi 24.2, na akatoa pasi 7.8 zilizozaa vikapu katika kila mechi, kiwango ambacho hata mawinga wepesi wa siku hizo walikionea wivu. Greer, Walker na Cunningham walifunga kati ya alama 18 na 22 kila mmoja. Mpinzani aliyemzingira Wilt kwa watu wawili, kama ilivyokuwa desturi, sasa alikuwa akijichimbia kaburi, kwani mpira ulitoka mikononi mwa jitu hilo na kumfikia mtu aliyeachwa peke yake.

Timu hiyo ilishinda mechi 46 kati ya 50 za kwanza. Kasi ilipungua baadaye, lakini ilimaliza na ushindi 68 na vipigo 13 katika mechi 81. Rekodi ya Boston ilikuwa imepitwa kwa mechi sita, na Celtics wenyewe walishinda 60 msimu huo, hivyo hakuna awezaye kusema kwamba walikuwa wamezeeka.

Hata hivyo, rekodi bila kombe ingekuwa fimbo mpya ya kumchapia Wilt. Fainali ya Mashariki iliwakutanisha na Boston, iliyokuwa sasa chini ya Russell kama mchezaji na kocha kwa pamoja. Philadelphia ilishinda mechi tatu za kwanza, ikapoteza ya nne, na katika ya tano ikawanyuka mabingwa 140-116. Wilt alifunga alama 29, akadaka ribaundi 36 na kutoa pasi 13 za vikapu. Mashabiki waliimba kwamba Boston imekufa. Fainali ya ligi ilikuwa dhidi ya San Francisco Warriors, timu yake ya zamani, nao wakalazwa kwa mechi nne dhidi ya mbili. Akiwa na umri wa miaka 30, alikuwa bingwa.

Mwaka wa 1980, NBA ilipoadhimisha miaka 35, kikosi hicho cha 76ers kilichaguliwa kuwa bora zaidi katika historia ya ligi hadi wakati huo.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo maneno yangekwisha. Hayakuisha, na Wilt mwenyewe aliyachochea kidogo. Msimu wa 1967-68 aliamua kuongoza ligi kwa idadi ya pasi za vikapu, na akaongoza kweli, akimaliza na 702, jambo ambalo hakuna senta mwingine aliyelifanya. Lakini walioketi kando ya uwanja walimwona akipasia hata pale ambapo angefaa kufunga, na wengine wakalalamika kwamba hata ukarimu wake alikuwa akiuhesabu. 76ers waliongoza Boston 3-1 katika fainali ya Mashariki, kisha wakapoteza mechi tatu mfululizo. Mfululizo huo ulianza siku moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King Aprili 4, 1968, na wachezaji wa pande zote mbili, wengi wao wakiwa weusi, waliingia uwanjani wakiwa na majonzi. Majira hayo ya kiangazi, akiwa amezozana na mwenye timu kuhusu sehemu ya umiliki aliyodai aliahidiwa, Wilt aliuzwa kwa Los Angeles Lakers.

Lakers tayari walikuwa na Jerry West na Elgin Baylor, wawili kati ya wachezaji bora wa enzi hiyo. Kocha wao wa wakati huo, Butch van Breda Kolff, hakuelewana na Wilt hata kidogo. Fainali ya 1969 dhidi ya Boston ilifika mechi ya saba mjini Los Angeles, na mwenye timu, Jack Kent Cooke, akaamuru maelfu ya maputo yafungwe darini tayari kwa sherehe. Zikiwa zimesalia dakika tano na ushei, Wilt aliumia goti akatoka. Alipoomba kurudi, kocha alikataa. Lakers walipoteza kwa alama 108-106, na maputo yakabaki darini.

Russell, aliyestaafu baada ya mechi hiyo, alimlaumu mwenzake hadharani kwa kutoka uwanjani. Wawili hao walikuwa marafiki waliokaribishana mezani. Hawakusemezana kwa zaidi ya miaka 20. Kwa jumla walikutana mara nane katika mchujo na Russell akashinda saba. Mara nne kati ya hizo ziliamuliwa na mechi ya saba, na ukijumlisha tofauti ya alama katika mechi hizo nne unapata tisa tu. Tisa, kwa mtu aliyekosa karibu nusu ya mitupo huru yake yote.

Goti lilimweka nje kwa sehemu kubwa ya msimu wa 1969-70, na alirudi kwa wakati wa kupoteza fainali nyingine, mara hii dhidi ya New York. Mwaka wa 1971 Lakers waling'olewa na Milwaukee Bucks ya kijana Lew Alcindor, ambaye ulimwengu ungemjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Bucks walikuwa wameshinda mechi 66 msimu huo, zikiwamo 20 mfululizo. Mwaka huo huo kulikuwa na mazungumzo mazito ya Wilt kupigana ndondi na Muhammad Ali. Tunaweza kumshukuru Mungu kwamba hayakufika popote.

Lakers walipoanza msimu wa 1971-72 hakuna aliyewatazamia makuu. Wilt alikuwa na miaka 35, West 33, na Baylor alikuwa na magoti mabovu. Timu ilikuwa imepoteza fainali saba tangu ihamie Los Angeles mwaka wa 1960, na West alikuwa ndani ya zote. Kocha mpya alikuwa Bill Sharman, mchezaji wa zamani wa Boston, adui wa jana. Alikuja na mazoea ya kigeni, likiwamo zoezi jepesi la kutupa mpira asubuhi ya siku ya mechi, ambalo leo karibu kila timu hulifanya. Shida ilikuwa kwamba Wilt hakuwa akipata usingizi usiku na alizoea kulala hadi mchana. Sharman hakumwamrisha, alimshawishi kwa upole kwamba ajaribu, na kama haisaidii waache. Wilt akawa anaamka.

Ombi la pili lilikuwa kubwa zaidi. Sharman alimtaka acheze kama Russell. Miaka kumi na mbili alikuwa amelinganishwa na mtu huyo kwa kejeli, na sasa aliambiwa amuige: azuie, adake, autupe mpira mbele haraka kwa West na Gail Goodrich wakimbie nao. Alikubali tena.

Mechi tisa zilipochezwa Lakers walikuwa wameshinda sita. Hapo Baylor, aliyeona kwamba mwili haumtii tena, akatangaza kustaafu. Kijana Jim McMillian akachukua nafasi yake Novemba 5, 1971 dhidi ya Baltimore, na Lakers wakashinda 110-106. Hawakushindwa tena mwezi huo wote: mechi 14. Desemba walicheza 16, wakashinda 16. Januari wakaongeza tatu. Zikawa 33 mfululizo, siku 63 bila kujua ladha ya kushindwa, hadi Januari 9, 1972 walipofika Milwaukee na Abdul-Jabbar akafunga alama 39 katika kipigo cha 120-104.

Haya yote hayakuonekana katika alama za Wilt. Mtu aliyewahi kufunga 50 kwa mechi sasa alifunga 14.8, lakini alidaka ribaundi 19.2, akiongoza ligi. Goodrich na West walifunga karibu 26 kila mmoja, na West akaongoza ligi kwa pasi za vikapu. Sharman alipiga kelele kandokando ya uwanja msimu mzima kiasi cha kuharibu koo. Sauti yake haikurudi sawasawa tena. Lakers walimaliza na ushindi 69 na vipigo 13.

Katika mchujo waliwafagia Chicago Bulls, wakalipiza kisasi kwa Milwaukee kwa mechi nne dhidi ya mbili, wakakutana na Knicks katika fainali. Mechi ya nne Wilt alianguka na kuumia vibaya kifundo cha mkono wa kulia, na wengi waliamini kwamba fainali kwake imekwisha. Mei 7, 1972 aliingia uwanjani mikono ikiwa imefungwa bandeji, akafunga alama 24 na kudaka ribaundi 29. Lakers walishinda 114-100 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza wakiwa Los Angeles. Wilt akatajwa mchezaji bora wa fainali. Baylor hakuwa uwanjani, na hilo ni jambo ambalo hata mashabiki wa Lakers hulitaja kwa uchungu.

Alicheza msimu mmoja zaidi, akastaafu NBA mwaka wa 1973 na alama 31,419 na ribaundi 23,924 katika mechi 1,045, asiwahi hata mara moja kutolewa uwanjani kwa wingi wa makosa. Ribaundi hizo bado ni rekodi. Mwaka mmoja alikuwa kocha wa San Diego katika ligi pinzani ya ABA, ambako mahakama ilimzuia kucheza kwa kuwa mkataba wake na Lakers ulikuwa haujaisha. Baadaye alijitosa katika voliboli ya kulipwa, akaigiza katika sinema, na mwaka wa 1991 akatoa kitabu chenye dai moja kuhusu idadi ya wanawake aliowahi kuwajua, dai ambalo kwa bahati mbaya baadhi ya watu hulikumbuka kuliko mechi zake zote. Alipatana na Russell katika miaka ya mwisho. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Los Angeles akiwa na miaka 63, Russell alikuwa miongoni mwa waliomlilia na kumtolea heshima.

Aliishi kuiona rekodi yake ikienda. Aprili 16, 1996 Chicago Bulls walipata ushindi wao wa 70, wakamaliza na 72 kwa vipigo 10, kisha wakatwaa kombe. Kocha wao, Phil Jackson, alikuwa mchezaji wa Knicks waliolimwa na Lakers katika fainali ya 1972. Katika kikosi hicho alikuwamo pia Steve Kerr, ambaye miaka 20 baadaye aliwafundisha Golden State Warriors walipofikisha ushindi 73 kwa vipigo tisa. Warriors ndiyo klabu ile ile ambayo Wilt alianza nayo Philadelphia. Waliongoza Cleveland 3-1 katika fainali ya 2016, wakapoteza mechi tatu mfululizo na kombe likaenda, kwa namna ambayo Wilt wa 1968 angeielewa vizuri.

Tangu hapo, hadi kufikia mwisho wa msimu wa 2024-25, hakuna timu iliyofika 70. Oklahoma City Thunder walifika 68 msimu huo na wakawa mabingwa, idadi sawa na ile ya Philadelphia ya 1967 ingawa kwa mechi moja zaidi.

Rekodi ya ushindi 33 mfululizo, hata hivyo, haijaguswa. Kabla ya msimu wao wa ajabu kukamilika, Warriors wa Curry walianza kwa kushinda mechi 24 bila kupoteza hata moja, na watu wakaanza kuhesabu siku. Kama Lakers kabla yao, walikwama Milwaukee, Desemba 12, 2015.